Saksafoni na Piano: Usindikizaji au Malumbano?

Katika muziki wa jazi uliorekodiwa mbele ya hadhira klabuni Dreher, Paris, mwaka 1981, Steve Lacy (saksafoni) na Mal Waldron (piano) wanapiga tungo za Thelonious Monk, miongoni mwa nyingine, bila ngoma wala besi. Istilahi "usindikizaji" haitoshi kuieleza piano hii. Amsindikizaye mgeni hurudi njiani, Waldron harudi. Hukariri kifungu kifupi hata Lacy akalazimika kukijibu. Msikilizaji wa Amukura aliyeizoea akogo ya Wateso hatauhesabu ukariri huo kuwa upungufu. Basi, uhakiki wa Kiswahili hauna budi kuazima istilahi yake katika malumbano ya washairi, ambamo kila mmoja humjibu mwenzake.