Mkasi na Mzabibu

Mzabibu ni mmea wa kutambaa. Ukiachwa bila mkono wa mtu hupanda juu ya miti, hutandaza majani mengi, kisha huzaa vichala vidogo vya tunda kali ambalo ndege hulimaliza kabla halijaiva. Kinachoufanya utoe zabibu za kukamuliwa ni mkasi. Kila msimu mpogoaji hukata karibu matawi yote yaliyokwisha kuzaa, akabakiza vijiti vifupi vyenye macho mawili au matatu. Kwa kukata huko huwa ameshaamua ni vichala vingapi vitatoka, jua litapenya kiasi gani kati ya majani, na shina litadumu miaka mingapi. Kazi ya kiwandani huja baadaye. Mapipa na matangi, pamoja na maneno mengi ya kujivuna yanayosemwa juu yake, hayawezi kurudisha kilichoharibiwa shambani.

Kwa asili mmea huu ni wa nchi zenye majira ya baridi. Baridi huupukutisha majani ukalala, joto likirudi ukaamka. Kwa sababu hiyo vitabu vya zamani viliuweka kati ya nyuzi 30 na 50 za latitudo, kaskazini na kusini mwa Ikweta. Afrika inaugusa ukanda huo kwa ncha zake mbili tu, yaani pwani ya Mediterania na Rasi ya Tumaini Jema. Katikati limebaki bara zima ambalo vitabu hivyo havikulitarajia.

Ncha ya kaskazini ndiyo kongwe. Wamisri wa kale walilima mizabibu katika Delta ya Nile, na kuta za makaburi ya Thebes zimechorwa watu wakichuma vichala na kuvikanyaga kwa miguu ndani ya mabirika, huku wameshikilia kamba zilizoning'inia juu yao wasiteleze. Kaburi la Tutankhamun lilipofunguliwa mwaka 1922 lilikutwa na mitungi ya mvinyo. Mingi iliandikwa mwaka wa utawala wa mfalme, shamba lililotoa zabibu, na jina la msimamizi wa utengenezaji. Lebo nyingi za leo hazisemi zaidi ya hayo, na nyingine zinasema pungufu.

Karthago, katika Tunisia ya sasa, ilimtoa Mago, aliyeandika vitabu 28 juu ya kilimo. Warumi walipouteketeza mji huo mwaka 146 kabla ya Kristo, Baraza la Seneti liliamuru kazi yake itafsiriwe kwa Kilatini. Vitabu vyenyewe vimepotea, ila waandishi wa Kirumi wamehifadhi vipande vyake. Kimojawapo kinashauri shamba la mizabibu lielekee kaskazini. Mtu wa Ulaya angeshangaa, kwa kuwa kwao hutafutwa mteremko unaopokea jua. Mago alikuwa mkulima wa Afrika, na adui wake alikuwa jua lililozidi.

Algeria ina historia nyingine. Mdudu filoksera, anayefyonza mizizi, alipoiangamiza mizabibu ya Ufaransa katika nusu ya pili ya karne ya 19, walowezi walihamishia kilimo hicho Oran, Mascara na Tlemcen. Karne ya 20 ilipofika katikati, Algeria ilikuwa na zaidi ya hekta 350,000 za mizabibu, hasa Carignan, Cinsaut na Alicante Bouschet, na hakuna nchi iliyosafirisha mvinyo mwingi kuizidi. Mwingi wake ulikwenda kuongezea rangi na nguvu mvinyo mwepesi wa kusini mwa Ufaransa, ukanywewa bila jina lake. Baada ya uhuru wa mwaka 1962 soko la Ufaransa lilifungwa kidogo kidogo, na nchi ya Waislamu haikuwa na haja kubwa ya kubaki na shamba lililopandwa kwa ajili ya meza za wengine. Mizabibu mingi iling'olewa. Moroko imeendelea zaidi, kwa sababu milima ya Atlas hupoza mashamba ya Meknes, na Tunisia bado inajulikana kwa Muscat ya Kelibia. Hata hivyo, kwa wingi wa mvinyo wala kwa sifa, kaskazini ya leo haifikii kusini.

Kusini kazi ilianza kwa amri. Jan van Riebeeck, mtumishi wa Kampuni ya Kiholanzi ya India Mashariki, alitia nanga Rasi mwaka 1652 ili afungue kituo cha kuzipa meli mboga, nyama na maji. Mizabibu ilipandwa mwaka 1655, na tarehe 2 Februari 1659 zabibu za Rasi zikakamuliwa kwa mara ya kwanza. Mvinyo wa miaka hiyo ulikuwa mbaya. Wakulima walivuna mapema kwa kuogopa ndege, hadi gavana Simon van der Stel alipoweka faini kwa anayekamua zabibu ambazo hazijakaguliwa na kuthibitishwa kuwa zimeiva. Yeye mwenyewe alipewa ardhi mwaka 1685 akaiita Constantia. Huko, katika karne ya 18, Muscat iliyoachwa ikaukie kwenye mti ilitoa mvinyo mtamu uliotamaniwa na majumba ya kifalme ya Ulaya. Napoleon aliagiziwa mvinyo huo akiwa kifungoni Saint Helena.

Sifa hiyo haikutengenezwa na magavana. Waliochimba mashimo, waliopogoa na waliochuma walikuwa watumwa walioletwa kutoka Msumbiji, Madagaska, India na visiwa vya Indonesia. Utumwa ulifutwa mwaka 1834, lakini watu walishikiliwa miaka minne mingine kwa jina la uanagenzi. Hata baada ya hapo mashamba mengi yaliendelea kuwalipa vibarua sehemu ya ujira wao kwa vikombe vya mvinyo kutwa, desturi iliyoitwa “dop”. Ilipigwa marufuku katika karne ya 20, nayo imeacha ulevi na watoto walioathirika tangu tumboni mwa mama zao katika vijiji vya Rasi ya Magharibi. Anayesifu ufundi wa Rasi na kuliruka jambo hili anasifu nusu ya kazi.

Nchi yenyewe imebarikiwa. Mkondo baridi wa Benguela hupoza bahari, na upepo wa kusini-mashariki huvuma kiangazi chote, ukakausha ukungu kwenye majani. Mvua hunyesha Juni hadi Agosti mizabibu ikiwa imelala, na mavuno huanza Januari. Stellenbosch inasifika kwa Cabernet Sauvignon. Swartland, nchi kavu ya ngano, ina mizabibu iliyoachwa isimame yenyewe kama vichaka vifupi, bila waya wala maji ya bomba, na Chenin Blanc yake imeinua jina la eneo zima. Zabibu hiyo iliitwa Steen kwa vizazi vingi. Wataalamu walithibitisha miaka ya 1960 tu kwamba ndiyo Chenin ya bonde la mto Loire. Leo Afrika Kusini inailima kwa wingi kuliko nchi yoyote. Mashina yaliyotimiza miaka 35, ambayo zamani yaling'olewa kwa kuzaa kidogo, sasa yanatambuliwa, na chupa zake hubandikwa muhuri wenye mwaka wa kupandwa.

Rasi ina pia mtoto wake mwenyewe. Mwaka 1925 Abraham Izak Perold, profesa wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch, alichavusha Pinot Noir, zabibu tukufu lakini yenye kudeka, kwa Cinsaut, inayovumilia joto na kuzaa sana. Wakati huo Cinsaut iliitwa Hermitage, na muungano ukaitwa Pinotage. Alipata mbegu nne akazipanda kwenye bustani ya nyumba yake. Mwaka 1927 alihama, nyumba ikabaki tupu, na bustani ikamea magugu. Vibarua walipotumwa kuisafisha, mhadhiri kijana, Charlie Niehaus, aliyejua habari za miche ile, aliiwahi kabla ya majembe. Mwenzake C. J. Theron akaibebesha juu ya mashina yanayostahimili filoksera. Chupa ya kwanza yenye jina la Pinotage iliuzwa mwaka 1961. Zabibu hii ina wapinzani. Ikichachushwa kwa pupa hutoa harufu ya rangi ya kupaka, na wengi waliionja ikiwa hivyo. Ikitoka kwenye mashina ya zamani yenye mavuno machache ni mvinyo mzito, wenye harufu ya forosadi, usio na pacha mahali pengine.

Majina ya watu weusi kwenye chupa hizo yamechelewa. Ntsiki Biyela, aliyekulia kijijini KwaZulu-Natal, alipata ufadhili wa kusomea utengenezaji wa mvinyo Stellenbosch mwaka 1999 akiwa hajawahi kuuonja. Sasa ana mvinyo wake, Aslina, aliouita kwa jina la bibi yake.

Kati ya ncha hizo mbili zipo bustani za watu wabishi. Katika kisiwa cha Fogo, Kepuvede, mizabibu humea kwenye majivu ndani ya bonde la volkano. Lava ya mwaka 2014 ilifunika vijiji na kiwanda, na wakulima wakarudi kupanda. Wamadagaska hulima zabibu kwenye nyanda za juu za Fianarantsoa, na Wakenya kando ya Ziwa Naivasha. Huko Ziway, Ethiopia, ambako kampuni ya Kifaransa ya Castel ilitoa chupa zake za kwanza mwaka 2014, shamba limezungushiwa handaki ili viboko na fisi wasiingie.

Dodoma, Tanzania, inastahili kutazamwa kwa karibu zaidi. Mapadre wa Kikatoliki waliopanda mizabibu Bihawana walitaka divai ya misa, na hawakuwaza kiwanda. Wagogo, wafugaji na wakulima wa uwele na mtama, waliona mmea ambao haukuogopa ukame wao. Mkoa huo uko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari. Mvua yake ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na kwa kawaida haifiki milimita 600 kwa mwaka. Udongo ni wa kichanga, na usiku wa Juni na Julai hupoa kweli. Leo mizabibu iko Hombolo, Mpunguzi, Chinangali, Makutupora na Bihawana kwenyewe, sehemu kubwa ikiwa ni mashamba ya ekari moja au mbili ya wakulima wadogo.

Hapo hakuna baridi ya kuulaza mzabibu. Ukiachwa utaendelea kutoa majani mwaka mzima na matunda haba, machanga na mabivu kwenye tawi moja. Kwa hiyo mkulima ndiye baridi. Huacha kumwagilia, hupukutisha majani yaliyobaki, kisha huingia na mkasi. Hushika tawi la msimu uliopita, lililokwisha kugeuka rangi ya kahawia na kufikia unene wa penseli. Lililo jembamba zaidi huondolewa lote. Huhesabu macho mawili kutoka kwenye shina na kukata juu kidogo ya jicho la pili, mshazari, ili maji yasitiririkie jichoni na kuliozesha. Jeraha hudondosha maji siku kadhaa. Baada ya wiki mbili hivi macho hufumuka, na takriban miezi minne tangu siku ya mkasi zabibu huwa tayari. Kwa njia hiyo Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka, karibu na Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba. Mavuno ya masika huandamwa na magonjwa ya ukungu na huvimba maji. Ya kiangazi huwa matamu zaidi, lakini yanadai kisima.

Zabibu iliyoenea ni Makutupora nyekundu, ngumu na yenye kuzaa sana, iliyochukua jina la mahali penye kituo cha utafiti wa zao hilo. Chenin Blanc ipo, Syrah ipo, na huko Hombolo zimejaribiwa zabibu za Italia kama Aglianico na Teroldego. Tatizo halijawahi kuwa shamba. DOWICO, kampuni ya umma iliyonunua zabibu, ilianguka katika miaka ya 1990, na tangu hapo mkulima amekuwa akibahatisha mnunuzi. Kichala kikiiva hakingoji. Wote waliopogoa wiki moja huvuna wiki moja, matangi ya viwanda hujaa, na kilichobaki huuzwa kwa bei ya kutupa stendi ya mabasi au huozea mtini. Wenye uwezo husindika wenyewe wakapata mchuzi wa zabibu, unaoweza kusubiri bei. Serikali nayo hutoza ushuru mdogo wa bidhaa kwa mvinyo ambao zaidi ya asilimia 75 ya zabibu zake ni za nchini, na hatua hiyo imesaidia kuliko hotuba nyingi.

Mvinyo wa Dodoma umezoeleka kuwa mwekundu na mtamu, kwa kuwa ndivyo soko lilivyoutaka. Utamu huo huficha makosa, na huficha pia kazi ya mpogoaji. Anayetaka kuionja kazi hiyo atafute Chenin Blanc kavu ya Dodoma, mwaka wake uwe wa karibuni, na aipoze vizuri kabla ya kuifungua.