Mfumo na Mfumaji: Kitabu cha Donella Meadows Mbele ya Shule Zetu

Kitabu cha Donella Meadows juu ya namna ya kufikiri kwa kuangalia mifumo, Thinking in Systems, kilitoka mwaka 2008, miaka saba baada ya kifo cha mwandishi; Diana Wright ndiye aliyeuhariri mswada ulioachwa. Sisi wanaisimu hatushangazwi na kitabu cha namna hiyo. Masomo ya Saussure nayo yalichapishwa mwaka 1916, miaka mitatu baada ya kufa kwake, kwa juhudi za wenzake. Na ufanano hauishii hapo. Saussure alifundisha kwamba neno hupata thamani yake kwa kusimama kando ya maneno mengine; Meadows anasema karibu vivyo hivyo kuhusu mto, kiwanda na dola. Kwa hiyo mwanafunzi wa isimu akikifungua kitabu hiki atajiona nusu yuko nyumbani.

Hoja yake kubwa ni kwamba mfumo una mambo matatu: viungo, uhusiano kati ya viungo, na kusudi. Kusudi, anasisitiza, halijulikani kwa kusikiliza hotuba bali kwa kutazama mfumo unatenda nini siku hadi siku. Kisha anatufundisha akiba na mtiririko kwa mfano wa beseni la kuogea, mrejesho kwa mfano wa chombo kinachodhibiti joto la nyumba, na uchelewaji, yaani muda unaopita kati ya tendo na matokeo yake. Mfano wake wa Rumania unatosha kuonyesha nguvu ya mbinu hiyo. Mwaka 1966 serikali ya Ceaușescu ilipiga marufuku utoaji mimba ili watu waongezeke. Uzazi ulipanda ghafla, kisha ukateremka, kwa kuwa wanawake walitafuta njia za siri, na wengi walizilipia kwa maisha yao. Amri ilisukuma, mfumo ukasukuma nyuma.

Tuipime basi mbinu hii kwa jambo tunalolijua wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mishahara ya walimu ilipokuwa imekwisha thamani, wazazi walikubali kuchangia ili shule zisifungwe. Lilikuwa jambo la muda tu. Lakini muda huo ulidumu zaidi ya robo ya karne. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 43, ilitamka kwamba elimu ya msingi katika shule za umma ni ya lazima na ya bure. Wazazi wakaendelea kulipa kwa miaka 13. Kwa nini? Meadows anatupa jibu kuliko wengi waliolaumu tamaa ya watu. Feza ya mzazi haikuishia kwa mwalimu. Sehemu yake ilipanda kwa mkuu wa shule, ikafika ofisi za juu, nazo zikazoea kuishi kwayo. Kila kiungo kilikuwa na sababu ya kuulinda mtiririko huo, hata kama hakuna hata mmoja aliyekuwa mwizi. Na kwa kusudi linaloonekana kwa matendo, shule ilikuwa imekuwa, pamoja na kufundisha, njia ya kuwalisha watumishi ambao dola haikuwalisha.

Septemba 2019 serikali ilianza kutekeleza elimu ya bure. Watoto wengi waliokuwa nyumbani waliingia darasani, na hilo si jambo dogo; atakayelipuuza hajawahi kumwona mtoto akirudishwa njiani kwa kukosa ada. Lakini wanafunzi huongezeka kwa siku moja. Darasa hujengwa kwa miezi, na mwalimu huandaliwa kwa miaka. Huo ndio uchelewaji. Madarasa yakafurika, baadhi ya walimu wa mijini wakapoteza pato kubwa kuliko mshahara wao, wengine hawakuwa hata kwenye orodha ya malipo, na migomo ikafuata.

Hadi hapa kitabu kinatutumikia vema. Kasoro yake inaonekana tunaposikiliza watu wa mfumo huo wanavyosema. Ada ya mzazi ilipewa jina la Kifaransa, «motivation», yaani kumtia mwalimu moyo. Jina hilo si pambo. Mshahara una mdaiwa: kuna mtu anayepaswa kuulipa, na asipoulipa ana deni. Kumtia mtu moyo hakuna mdaiwa. Mara ada ilipoitwa hivyo, dola ilitoka katika sentensi, wakabaki mzazi na mwalimu wakitazamana kila mwisho wa mwezi, mmoja akimwona mwenzake mchoyo, mwingine akimwona mwenzake mlafi. Beseni la kuogea haliwezi kutueleza hilo, maana maji hayajipi majina.

Kwa haki ni lazima tuseme kwamba Meadows anakumbuka lugha. Mwishoni anashauri tutumie maneno kwa uangalifu na tuongeze msamiati wa mifumo. Lakini huko ni kusafisha kioo. Yeye mwenyewe, katika orodha yake ya mahali 12 pa kutia wenzo ili kuubadili mfumo, anaweka takwimu na viwango chini kabisa, na fikra ambazo mfumo umezaliwa nazo karibu na kilele. Fikra hizo huishi wapi, kama si katika majina kama hilo tulilolitaja? Hapo alipaswa kukaa, naye amepita.

Kiswahili kingemsaidia. Neno letu mfumo linatokana na kufuma, na anayesikia kufuma huuliza mara moja ni nani mfumaji. Meadows analigusa swali hilo anapozungumzia kanuni na wenye uwezo wa kuziandika, jambo alilolipa nafasi ya tano, lakini kwa kurasa chache mno. Katika mfano wa shule, walioandika kanuni za ugawaji wa ada walikuwa miongoni mwa waliogawiwa. Mwanafunzi wa ualimu aisome kwanza sehemu ya uchelewaji, ambayo ndiyo bora. Kwenye hiyo ya kanuni aingie na kalamu mkononi, aandike pembeni majina ya ada zote alizowahi kulipa, na mbele ya kila jina, nani alilitunga.