Buda Hayuko Jukwaani

Kama ulisomea Eastlands, igizo hili unalijua. Kijana anavuta bangi nyuma ya choo, anaacha shule, anashika kisu, anakufa. Mama analia. Mwalimu anapiga makofi, nasi tunafuata. Mimi mwenyewe nilicheza maiti pale Kaloleni Social Hall, ukumbi ule ule ambamo wanasiasa walikuwa wakikutana kabla ya uhuru. Wao waliwataja waliowakandamiza. Sisi tulifundishwa kumtaja kijana peke yake.

Katika maigizo yote niliyoyaona, sikuwahi kumwona muuzaji. Bangi hutoka kwa "marafiki wabaya", yaani watoto wengine.

Ndiyo maana *Chozi la Heri* ya Assumpta Matei, iliyotahiniwa KCSE hadi 2022, ilinishtua. Dick hapotoshwi na marafiki. Anaibwa na Sauna, mfanyakazi wa nyumbani kwao, kisha anaangukia mikononi mwa Buda, tajiri anayemtumia kusafirisha dawa za kulevya. Hilo jina lilinimaliza. Huku mtaani buda ni baba, ni mzee yeyote unayemsalimu kwa heshima. Msomaji wa Kaloleni anaelewa mara moja: anayeuza ana jina, na pengine asubuhi ulimwamkia.

Lakini darasani tulikisomaje? "Jadili madhara ya dawa za kulevya," alama 20. Jamaa niliyekaa naye dawati moja alizoa karibu zote. Mwaka uliofuata alikuwa akimbebea mtu mzigo. Madhara aliyajua kwa kichwa. Hakuna aliyewahi kumuuliza: ukikataa, utakula wapi? Utamwambia nani?

Hapo hata riwaya naidai. Dick anajinasua upesi mno; tunakuja kumkuta ana biashara yake halali. Mimi nilitaka kurasa zaidi za kule kukataa kwenyewe, kwa sababu ndipo watoto wetu wanapokwama.

Mpwa wangu ana miaka 12. Muhula huu amepewa kucheza maiti. Nilimwambia amwombe mwalimu aongeze mhusika mmoja tu: mtu mzima, nguo safi, anayegawa noti. Mwalimu alikubali. Sasa shida ni kwamba hakuna mtoto anayetaka kumwigiza. Wanaogopa kwamba siku ya onyesho atakuwa ameketi pale mbele, na atajitambua.