Mwenendo wa Gari na Mwenendo wa Mtu: Istilahi za Kufuatilia Malori

Katika makala haya tunakusudia kuyapima maneno yanayotumika kuelezea vifaa vinavyofungwa katika malori ili mwenye gari ajue lilipo, laenda kwa mwendo gani na latumia mafuta kiasi gani. Kilichotusukuma ni tangazo moja la Kiswahili ambalo mwalimu mmoja wa Pande, wilayani Kilwa, alitunakilia. Lilitolewa na msafirishaji ambaye malori yake huchukua jasi ya Kilwa na kuipeleka kwenye viwanda vya saruji, safari inayoweza kuzidi kilomita 300. Madereva walitakiwa kulitia sahihi. Hatumtaji msafirishaji huyo, wala hatuna ugomvi na nia yake ya kupunguza gharama. Tunalolishughulikia ni Kiswahili chake, kwa kuwa maneno yake yaliweza kumkata mtu mshahara.

Yafaa kwanza tukieleze kifaa chenyewe. Kifaa hicho hupokea ishara za setilaiti zisizopungua nne, kati ya zile zinazozunguka dunia kwa kimo cha takriban kilomita 20,200. Kwa kulinganisha nyakati za ishara hizo, hukokotoa mahali kilipo. Baada ya hapo huipeleka taarifa hiyo kwa mwenye gari kupitia mtandao wa simu. Hizo ni kazi mbili, wala si moja. Madereva husema "gari limefungwa jipiesi", na tangazo nalo likaandika hivyo hivyo. Lakini jipiesi ni ile kazi ya kwanza tu. Simu yenye ramani inayo pia, na yaweza kuitumia bila kumwarifu mtu yeyote. Kinachomhusu dereva ni ile kazi ya pili. Kwa hiyo twaona kifaa kizima kiitwe "kifuatiliaji", na jipiesi ibaki mahali pake.

Tangazo liliendelea kusema kwamba ofisi itapata taarifa "mubashara". Neno hili limekwisha kuzoeleka katika utangazaji, na huko latosha. Katika usafirishaji halitoshi. Gari likiingia bondeni au machimboni ambako mtandao wa simu haufiki, kifuatiliaji huhifadhi kumbukumbu zake na kuzipeleka baadaye. Dereva aliyetoweka kwenye ramani kwa nusu saa huenda hakuzima kitu. Mkataba unaoahidi taarifa mubashara humfanya aonekane mhalifu pale ambapo mtandao ndio uliokosekana. Hapana budi iandikwe: "taarifa za papo kwa papo, pale mtandao ulipo."

Sasa tutazame kitenzi chenyewe. "Kufuatilia" kimetokana na "kufuata" kwa kunyambuliwa zaidi ya mara moja, na kila mnyambuliko umeongeza bidii. Mtu hufuatilia pensheni yake, hufuatilia mgonjwa, hufuatilia kesi. Lakini pia huambiwa kwa kulaumiwa kwamba anafuatilia mambo ya watu. Neno lina heshima na lina udaku. Hatusemi liachwe, limekwisha kuota mizizi. Tunasema kwamba kila linapotumika lazima litajiwe kitu kinachofuatiliwa, maana bila hicho msomaji atachagua maana ile anayoiogopa.

Ndipo tunapofika kwenye neno "mwenendo". Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, iliyoundwa kwa Sheria Na. 3 ya 2019, hutumia mfumo wa kufuatilia mwenendo wa mabasi. Hapo istilahi imekaa sawa: mwenendo wa basi ni njia yake na kasi yake, na hayo hupimika. Magari yenye uzito unaozidi tani 3.5 yamewekewa ukomo wa kilomita 80 kwa saa, na katika maeneo ya makazi ukomo ni 50; kifaa huonyesha tu kama umevukwa. Tangazo la Pande lilibadili neno moja likaandika "kufuatilia mwenendo wa dereva". Kwa Kiswahili, mwenendo wa mtu ni tabia yake. Mwalimu huandika juu ya mwenendo mwema wa mwanafunzi, na polisi huthibitisha mwenendo wa mwombaji kazi. Kwa neno hilo moja, dereva alitia sahihi ya kukubali kupimwa tabia, ilhali mwajiri alitaka kupima kasi. Kama lililotakiwa ni namna ya kuendesha, Kiswahili kinalo neno "uendeshaji".

Kosa kubwa kuliko yote lilikuwa katika kifungu cha makato. Tangazo lilisema dereva atakatwa fedha kwa "muda wa uvivu" unaozidi kiasi fulani. Tulipolisoma mara ya kwanza hatukuelewa. Baadaye tukatambua kwamba mfasiri alikutana na istilahi ya kigeni yenye maana ya injini kuwaka huku gari limesimama, akaifasiri kwa maana yake nyingine, yaani uvivu. Mafundi wa gereji huiita hali hiyo sailensa. Ni kweli kwamba hula mafuta bure, na ni haki kuipunguza. Lakini lori likisubiri zamu kwenye mzani au kwenye lango la kiwanda, likisogea hatua moja moja, injini yawaka, na dereva yumo kazini. Kumwita mvivu kwa maandishi, kisha kumkata fedha, ni tusi juu ya hasara. Twapendekeza "muda wa injini kuwaka gari likiwa limesimama". Kama fupi yahitajika, "mwako bure" yaweza kujaribiwa.

Tukumbushe pia jambo dogo ambalo limeenea hata maofisini. Tangazo lilisema lengo ni "kuokoa gharama". Kiokolewacho ni kile tusichotaka kipotee. Tunaokoa fedha, mafuta na roho za watu, gharama tunaipunguza. Anayeokoa gharama anaitunza isife.

Kuhusu kamera, tangazo lilitaja "kamera za usalama" bila kufafanua. Kamera hizo ni za aina mbili. Moja hutazama barabara, na baada ya ajali yaweza kumtetea dereva mbele ya polisi na kampuni ya bima. Nyingine humtazama dereva mwenyewe, ionyeshe kama amesinzia au ameshika simu. Kuziita zote kwa jina moja ni kuificha ya pili nyuma ya ya kwanza. Ziitwe "kamera ya barabara" na "kamera ya dereva", kila mtu ajue inayomhusu.

Huenda msomaji akasema kwamba haya ni mambo ya wanalugha, na kwamba dereva hajali jina. Historia yaonyesha vingine. Mwaka 1970 Jumuiya ya Ulaya iliagiza malori yafungwe takografu, chombo kinachochora kasi na saa za kazi kwenye kisahani cha karatasi. Uingereza ilisita, madereva na vyama vyao wakakipinga, hadi mwaka 1979 mahakama ya Jumuiya ilipoamua dhidi ya nchi hiyo. Madereva walikuwa wamekwisha kukibatiza jina la jasusi wa chumba cha dereva, na jina hilo lilikumbukwa kuliko lile la kitaalamu. Wenye mamlaka wasipotoa jina wazi, wenye hofu hutoa lao.

Isitoshe, jambo hili lina sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, yataka mtu aelezwe madhumuni kabla taarifa zake hazijakusanywa. Twauliza: dereva aliyesoma "uvivu", "mwenendo" na "usalama" ameelezwa nini? Sahihi yake ipo, lakini ufahamu haukuwapo. Tangu mwaka 2021, kwa Sheria Na. 1 ya mwaka huo, Kiswahili ndiyo lugha ya sheria zetu. Haitakuwa na maana kuwa na sheria za Kiswahili ikiwa mikataba iliyo chini yake ni fasiri ya neno kwa neno.

Kwa watumishi wa serikali na wafasiri tunaotegemea watakutana na nyaraka za namna hii, tunatoa shauri moja. Kabla waraka haujapigwa mhuri, usomwe kwa sauti mbele ya dereva mmoja na utingo wake, nao waulizwe wameelewa watakatwa fedha kwa kosa gani. Jibu lao likitofautiana na nia ya mwandishi, waraka urudi kwa mfasiri. Mwalimu wetu wa Pande alifanya hivyo kwa hiari yake. Dereva wa kwanza aliyemsomea alimjibu kwamba yeye si mvivu, na kwamba huondoka nyumbani alfajiri.