Herzi 1,000

Jamani, herzi 1,000! Nimelaza simu kwenye meza ya jikoni hapa Kingstanding, Birmingham, nikapiga mlio wa herzi 1,000, ule mluzi usiopanda wala kushuka, nikamwomba mama aweke mkono wake mzima juu ya spika. Ule mwingine uko kwenye plasta: aliteleza kwenye barafu.

"Mwanangu, kinanitekenya!"

"Basi mama, mtikisiko wa kasi hiyohiyo ndio unaogeuza seli shina kuwa mfupa."

Sikutia chumvi. Mwaka 2017, Matthew Dalby wa Chuo Kikuu cha Glasgow, mwanafizikia Stuart Reid na wenzao walitangaza kwamba walichukua seli shina za uboho wa binadamu, wakazitia kwenye jeli ya kolajeni na kuzitikisa mara 1,000 kwa sekunde. Bila dawa ya kuzishurutisha, jeli ikaanza kushika madini ya mfupa!

Na mtikisiko wenyewe ni mdogo ajabu: nanomita 30 hivi, wakati unywele mmoja una unene wa nanomita kama 80,000. Waliupima kwa leza, kwa mbinu iliyo ndugu na ile iliyonasa mawimbi ya mvutano mwaka 2015, yaliyotoka kwenye mashimo meusi mawili yaliyogongana. Sasa inachungulia kisahani cha seli!

Seli ikitikiswa hivyo hujishikiza kwa nguvu, nyuzi zake za ndani hukaza, nayo hujiona imetwishwa mzigo. Mfupa hupenda mzigo. Mjerumani Julius Wolff aliliandika hilo mwaka 1892, na wanaanga wanaokaa bila uzito mifupa yao hupungua. Mama, aliyebeba ndoo kichwani tangu utotoni, hakuhitaji maelezo.

Sehemu ya fedha za kazi hii ilitoka Find A Better Way, shirika alilolianzisha Bobby Charlton, ndiyo, yule wa Manchester United, kwa ajili ya watu waliokatwa viungo na mabomu ya ardhini.

Lakini kura yangu naitoa kwa jirani. Ng'ambo ya jiji, Edgbaston, yupo Profesa Alicia El Haj wa Chuo Kikuu cha Birmingham. Yeye na wenzake hunasisha chembechembe za sumaku kwenye vipokezi vya seli, kisha huzivutavuta kwa sumaku iliyo nje. Wameonyesha matokeo kwenye mifupa ya vifaranga ambavyo havijaanguliwa. Uzuri wake ni huu: sumaku inaweza kuifuata seli ndani ya mwili, pale penye pengo, ikaendelea kuifanyisha mazoezi mgonjwa akiwa amelala! Bado si tiba ya kwenda kuomba hospitalini kesho, lakini mimi tayari nimeshakolea.

"Na huu wangu?" mama akauliza, akinyanyua plasta.

"Wako utajiunga wenyewe, mama. Mbinu hii ni ya mapengo makubwa, yasiyojiunga."

Akatikisa kichwa, mkono ungali kwenye spika, akaniambia niongeze sauti.