Mchezo wa Nyambizi

Msomaji, ukisimama asubuhi katika ufuko wa Dunga, karibu na mji wa Kisumu, utamwona mdiria akipepea juu ya ziwa. Samaki aliyekwisha zama hana hofu naye; samaki angojaye hata kivuli kimfunike huliwa. Sheria hiyo ndiyo roho ya mchezo ninaotaka tuupime, uitwao Silent Hunter III, uliotolewa na kampuni ya Ubisoft mwaka 2005. Huchezwa kwa kompyuta, na mchezaji huwa nahodha wa nyambizi ya Kijerumani katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia.

Kwanza nitausifu. Watu wengi hudhani kwamba nyambizi za wakati ule ziliishi chini ya maji. Sivyo. Zilisafiri zaidi juu yake, kwa kuwa huko aina moja mashuhuri iliweza kwenda karibu kilometa 33 kwa saa, na chini karibu 14 tu. Tena betri zake zilijazwa umeme na injini zilizohitaji hewa. Basi ndege ikawa adui wa kuogopwa kuliko wote. Mchezo huu waonyesha jambo hilo kwa haki. Mlinzi apigapo ukelele, nahodha hana muda wa kujishauri, maana kuzama huchukua karibu nusu dakika. Ndege ikiwa mbali, na azame mara moja, kisha abadili mwelekeo, kwa sababu povu lililobaki juu humwonyesha rubani mahali pa kuangusha mabomu. Ikiwa imekwisha karibia, kuzama ni kumpa adui mgongo. Heri apinde huku na huku na kujitetea kwa mizinga. Lakini asiufanye ushujaa huo kuwa desturi. Mwaka 1943 wakuu wa Kijerumani waliamuru nyambizi zipigane na ndege juu ya maji. Nyingi zikaangamia, na amri ikaachwa. Mchezaji mwenye kiburi hujifunza somo lilo hilo.

Hata hivyo, nina lawama mbili. Ya kwanza ni kwamba mchezaji aliyekosea aweza kurudi nyuma na kuanza tena. Tarehe 20 Agosti 1943, nyambizi U-197 ilizamishwa kusini ya Madagaska na ndege aina ya Catalina, zenye kutua majini kama zile za abiria zilizotua hapa Kisumu katika miaka ya 1930. Watu wote 67 waliokuwamo walikufa. Wao hawakuanza tena.

Ya pili ni nzito zaidi. Katika chuo chetu cha ualimu niliwaona vijana wakishangilia nyambizi yao ilipoponyoka. Niliwauliza, "Na meli itakayokutana nayo kesho imewabeba akina nani?" Wakanyamaza. Tarehe 5 Februari 1944, meli Khedive Ismail iling'oa nanga Mombasa kwenda Colombo, imewachukua askari wa mizinga wa Afrika Mashariki pamoja na wauguzi. Siku saba baadaye, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga. Meli ilizama kwa muda wa kama dakika mbili, na watu karibu 1,300 wakapotea. Kwa nahodha wa I-27, kujificha vizuri kulikuwa ustadi. Kwa askari wetu kulikuwa mauti. Katika mchezo, meli iliyozama ni hesabu ya tani katika daftari, basi.

Sikukatazi kuucheza, msomaji. Ucheze, ujifunze subira na hadhari. Lakini uponyokapo salama kilindini, kumbuka waliokuwa juu. Wahenga walisema kwamba wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Mchezo huu hutuonyesha fahali vizuri sana, nyasi hautuonyeshi.