Chanda Kabla ya Pete

Barabara ya Uhuru inaanzia katikati ya jiji, kwenye Mnara wa Saa uliojengwa mwaka 1961 Dar es Salaam ilipopandishwa hadhi kuwa jiji. Inapita Mnazi Mmoja, inaambaa na Kariakoo, inakata Ilala, na mwisho inatua Buguruni inapokutana na Barabara ya Mandela. Kichwani mwa barabara hiyo saa ni ya watu wote, imejengewa mnara wake. Mkiani, Buguruni, saa ni ya mtu mmoja mmoja, na makao yake ni kisanduku cha kioo cha fundi saa aliyejibanza barazani kati ya fundi viatu na muuza vocha. Kisandukuni mna mikanda, betri, vioo vya akiba na Seiko 5 zinazosubiri wenyewe. Siku mojamoja huletwa saa ya namna nyingine, imefungwa kwenye leso: kongwe, ya dhahabu, ya mfukoni au ya mkono, iliyorithiwa kwa babu au iliyokuja na ndugu aliyekaa Maskati. Wapo watu duniani ambao furaha yao ni kuzitafuta na kuzikusanya saa hizo, na wengi wetu huwahesabu kuwa wapenda dhahabu. Nadhani tunawakosea. Mkusanyaji anayeijua kazi yake hukusanya kila kilichomo ndani ya saa hiyo isipokuwa dhahabu, na sifa yoyote anayopewa ni deni analodaiwa na fundi.

Tuanze na dhahabu yenyewe, maana ndiyo inayosemwa kwanza. Saa ya leso ikipelekwa kwa sonara badala ya fundi, swali litakuwa moja tu: uzito. Sonara ataikwaruza kwenye jiwe lake, ataitonea tindikali, ataiweka kwenye mizani. Tuseme ganda lake lina gramu 40 za karati 18. Karati 18 ni robo tatu, kwa hiyo mna gramu 30 za dhahabu tupu, karibu wakia nzima. Mwaka 2025 wakia ya dhahabu ilivuka dola 3,000 katika soko la dunia. Hesabu hiyo haina kosa, na ubaya wake uko papo hapo. Kila bei inapopaa, kama ilivyopaa Januari 1980 ilipofika dola 850, maganda ya saa kongwe huingia motoni na mashine zilizokuwa ndani hubaki uchi, zikitupwa makoponi au kuuzwa kwa bei ya njugu. Wahenga waliposema chanda chema huvikwa pete, walitanguliza chanda. Anayeyeyusha ganda akatupa mashine amekata kidole ili aondoke na pete.

Chanda chenyewe kikoje? Ndani ya saa kongwe mna kamani, utepe wa chuma uliozongwa ndani ya kijipipa. Mwenye saa akiitia ufunguo huikaza, nayo hujizongoa taratibu mchana na usiku ikisukuma magurudumu. Ingeachwa huru, ingejizongoa yote mara moja. Kinachoizuia ni gurudumu la mizani, linalocheza huku na huku kwa nguvu ya kamani nyingine nyembamba kama unywele, na kila likipita huachia jino moja tu. Mlio tunaousikia tukiiweka saa sikioni ni mlio wa jino likinaswa. Saa nyingi za zamani hupiga mara tano kwa sekunde: mara 18,000 kwa saa, mara 432,000 kwa siku. Ikichelewa nusu dakika kwa siku imepoteza mapigo 150 kati ya hayo yote, na bado mwenyewe atanung'unika kuwa haishiki majira. Ili ncha za chuma zisilike, huzungukia ndani ya vito vya yakuti vilivyotobolewa, mbinu iliyopewa hataza London mwaka 1704. Mafuta yake ni chembe ya tone. Yakizidi yanatambaa mpaka pasipotakiwa, yakipungua chuma kinasagana. Katika yote hayo, dhahabu haina kazi. Chuma, shaba na vijiwe vyekundu ndivyo vinavyohangaika. Dhahabu imekaa nje inatazama.

Anayedhani haya ni maneno ya kujiliwaza na atazame minada. Mwaka 2014, mjini Geneva, saa ya mfukoni ya dhahabu ambayo kampuni ya Patek Philippe ilimtengenezea tajiri wa Marekani Henry Graves, akakabidhiwa mwaka 1933, iliuzwa kwa takriban dola milioni 24. Dhahabu yake yote ingeyeyushwa isingefikia hata sehemu moja ya mia ya bei hiyo. Miaka mitano baadaye, mji uleule, saa ya mkono ya kampuni ileile ilinunuliwa kwa faranga milioni 31 za Uswisi, nayo ganda lake lilikuwa la chuma cha pua, ndugu wa sufuria za jikoni. Ni kweli ulikuwa mnada wa hisani, na hisani hurefusha mikono. Lakini hakuna aliyeunyoosha mkono wake kwa ajili ya chuma. Na upo ushahidi wa upande wa pili. Tarehe 25 Desemba 1969 kampuni ya Seiko ilitoa saa ya kwanza ya mkono inayoendeshwa kwa betri na fuwele ya kwatzi, ikaipa jina Astron, ikaivisha karati 18 na kuiuza kwa yeni 450,000. Teknolojia ile ilishinda dunia nzima, lakini pete haikudumu nayo. Muda si mrefu mashine za namna hiyo zikawa rahisi kiasi kwamba leo nyingi zikiharibika hakuna anayehangaika kuzifungua. Dhahabu haikuweza kuilinda kazi isiyohitaji mkono wa mtu.

Ndiyo maana elimu ya mkusanyaji huanzia kwenye kuishuku dhahabu. Ndani ya kifuniko cha saa nyingi kongwe za Marekani mna maandishi yanayodai ganda limedhaminiwa miaka 20 au 25. Mgeni hufurahi, mjuzi hukunja uso. Dhahabu halisi haihitaji dhamana ya miaka. Ahadi hiyo inahusu utando wa dhahabu uliobanwa juu ya shaba, na miaka inayotajwa ni ile ambayo utando huo unatarajiwa kuishi kabla ya kulika. Saa za Uswisi, tangu miaka ya 1880, zilipigwa muhuri wa kichwa cha mwanamke kwa karati 18 na wa kindi kwa karati 14. Namba 750, 585 na 375 husema ni sehemu ngapi kati ya elfu zilizo dhahabu. Muhuri nao hughushiwa, kwa hiyo mjuzi hufungua ndani kabisa. Je, vichwa vya skrubu vimechunwa na bisibisi ya mtu mwenye haraka? Uso umepakwa rangi upya? Mashine ni ya ganda hili, au imehamishiwa kutoka kwa marehemu mwingine? Yote huandikwa, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Na wa kumsomea dalili hizo si sonara wala dalali, ni fundi, ambaye huijua mikono ya mafundi waliomtangulia kwa makovu waliyoyaacha.

Kipingamizi cha kwanza kinatoka mfukoni. Simu inajua majira kuliko saa yoyote ya kamani, na haiombi ufunguo. Kama shida ni kujua saa ngapi, nakubali, mjadala umefungwa. Lakini linganisha maisha ya vitu hivyo viwili. Saa ya mwaka 1920 inaweza kufunguliwa leo na mtu mmoja mwenye lenzi, kibano na bisibisi, ikasafishwa, ikaendelea. Kikikosekana kipande, fundi mahiri anaweza kukichonga. Simu ya miaka kumi, hata ikiwa nzima, programu huanza kuikataa moja baada ya nyingine. Saa kongwe ilitengenezwa na mtu aliyetarajia kwamba siku moja mtu mwingine ataifungua, akamwachia nafasi ya kupitisha bisibisi. Kuitunza ni kuutunza mtindo huo wa kumfikiria fundi ambaye hajazaliwa.

Kipingamizi cha pili ni kizito zaidi: saa hizi zilikuja na bwana mkubwa. Zilikuja na kengele ya shamba, ratiba ya treni na kipande cha kuhesabia siku za kibarua. Tarehe 27 Agosti 1896 Waingereza walimpa Khalid bin Barghash wa Zanzibar muda hadi saa tatu asubuhi. Dakika chache baadaye mizinga ikalia, na haikupita saa nzima vita vikaisha. Saa ilikuwa silaha, hilo halina ubishi. Lakini tazama Waswahili walivyoipokea. Namba za usoni zilisema saba, wao wakaendelea kusema saa moja, kwa sababu jua ndiyo kwanza limechomoza na hesabu ya siku lazima ianze na siku. Mshale wa saa wakauita akrabu, jina ambalo kwa Kiarabu ni nge. Na ajabu ni kwamba jina limewiana na usomaji: akrabu ikielekeza kichwa kwenye saba, mkia wake uko kwenye moja, kichwa kikiwa tisa, mkia uko tatu. Nge silaha yake iko mkiani, na Mswahili husoma saa mkiani. Chombo kilikuja na amri, wenyeji wakakipindua bila kugusa hata skrubu moja. Anayetunza saa hizo leo anatunza pia kumbukumbu ya ushindi huo mdogo, ambao kila mtoto wa Buguruni huurudia bila kujua anapotaja saa.

Wapo watakaokumbusha dini, na ni haki yao: Uislamu umemkataza mwanamume kuvaa dhahabu. Sina fatwa ya kutoa, na ujanja wa kwamba mfukoni si mkononi sitautetea. Hilo ni la wanazuoni, pamoja na suala la zaka ya dhahabu ikifikia nisabu. Ninachoona ni kwamba katazo hili halibomoi hoja yangu, bali linaisimamisha wima. Mtu aliyezuiwa kujipamba kwa saa hiyo, kisha akaitia ufunguo kila asubuhi na kuirudisha mezani, amebaki na sababu moja tu ya kuipenda, nayo ni kazi iliyomo ndani. Naye anayeona heri aitafute mashine ya aina ileile kwenye ganda la fedha au la chuma hapungukiwi na lolote la maana.

Kipingamizi cha mwisho ni cha maisha: saa za dhahabu zinahusiana nini na Buguruni, mahali ambapo wengi wanahesabu nauli ya daladala? Zinahusiana kwa sababu nchi hii ina dhahabu. Tunayo Geita, tunayo Nyamongo, tunayo Chunya. Uswisi haina mgodi wa kujivunia. Ilikuwa na vijiji vya milima ya Jura ambako wakulima walitumia majira ya theluji kuchonga vipande vya saa. Sisi kwa miaka mingi tumeisafirisha dhahabu ikiwa ghafi, wao wakaipokea na kuivisha kazi ya mikono yao, kisha wakaiuza mara nyingi zaidi ya uzito wake. Tumekuwa wauza pete tusio na chanda. Fundi saa wa barazani, mwenye kisanduku chake na lenzi yake, amekishika kipande kidogo cha ule ujuzi uliowatajirisha wengine, na tunampita bila salamu. Kumwita mkusanyaji mtu wa anasa ni rahisi. Lakini ni nani mwingine atakayempelekea fundi huyo mashine ya kumfundisha, baada ya wateja wote kutaka betri tu?

Desemba 2020 ilitupa habari mbili za kuwekwa pamoja. UNESCO iliuingiza ufundi wa saa za mashine wa Uswisi na Ufaransa katika orodha ya urithi wa binadamu usioshikika. Siku ya Krismasi ya mwezi huohuo, sehemu kubwa ya mbele ya Beit al-Ajaib ya Unguja, jumba lililojengwa na Sultan Barghash mwaka 1883, iliporomoka pamoja na mnara wake wa saa, na watu wawili wakafa. Jumba lile halikukosa sifa. Lilikuwa ndani ya Mji Mkongwe uliokwisha kutambuliwa na UNESCO tangu mwaka 2000. Hata matengenezo yalikuwa yakiendelea, ila uchakavu ulikuwa umetangulia. Wenzetu waliandikiwa kwamba mikono yao ni urithi, nasi tulipewa funzo kwamba jina la urithi halishikilii ukuta.

Dhahabu haina haja ya mtunzaji. Iyeyushwe leo, kesho ni hereni, keshokutwa ni mkufu, na katika hali zote ni dhahabu ileile. Gurudumu la mizani likitupwa ni chuma chakavu, na ujuzi wa kulifufua ukizikwa na mwenyewe hakuna tanuru la kuurudisha. Kwa hiyo anayetaka kuitwa mkusanyaji katika jiji hili asianzie kwenye duka la vito. Aanzie barazani Buguruni, amlipe fundi bei ya haki, na kabla ya kuondoka amuulize kama ana mwanafunzi. Kama hana, basi hata saa 50 za dhahabu alizonazo kabatini ni gramu tu, zinamsubiri sonara.